Bibi wa Ukurasa wa Kwanza

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mko salama. Huku wazima, isipokuwa mke wangu aliteleza bafuni akateguka kifundo. Anachechemea, lakini mdomo haukuumia, bado ananigombeza kama kawaida. Mama hajambo kabisa. Juzi alimbeba mgonjwa mgongoni kutoka chumbani hadi uani, eti ndani kuna joto. Nilipomkanya akaniambia nirudi kwenye baiskeli zangu.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Kikundi chetu cha kuogesha wagonjwa majumbani unakijua. Mama alikianza na yule Mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, na mimi wakanitia ukatibu kwa sababu tu nina mwandiko unaosomeka. Wagonjwa wameongezeka. Kuna mzee aliyepooza tunamgeuza akiwa chini kwenye mkeka, migongo inatukatika. Ndoo, mabeseni na mashuka tunabeba kichwani nyumba hadi nyumba. Tumeomba ruzuku kwa mashirika mawili, na yote mawili yametujibu kwa adabu kubwa kwamba yanatutakia kila la heri. Heri haigeuzi mgonjwa, dada.

Kazi yako wewe ndiyo hiyo, kuwaandikia watu maombi ya ruzuku. Nimeona haya kukusumbua, hasa kwa vile hatujaonana tangu mazishi ya Baba na mwenyewe unasema kazi zimekubana. Lakini nikisema nimwendee mtu baki, nitaonekana sina ndugu.

Simu sikupiga makusudi. Ukuta wetu ni wa mbao na masikio ya Mama bado mapya. Yeye anasema habari za kuomba zinamtia kichefuchefu, kwa hiyo asijue kwanza.

Mimi mdogo wako,
Spoki


27 Februari

Mdogo wangu Spoki,

Marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku. Shemeji yako amehamishiwa safari za mbali, anarudi nyumbani amelala tayari, bado kuvua viatu tu. Mwanangu mkubwa amefaulu, mdogo amevunja kioo cha jirani. Mpe pole wifi yangu.

Hukukosea kuniandikia. Nimesoma nakala uliyoifunga ya ombi lenu la mwaka jana, na nitakwambia wazi kwa nini mlinyimwa. Mmejisifu! “Tunajitahidi”, “tumefanikiwa”, “majirani wanatuamini”. Mtu akisoma hapo anajiuliza, sasa hawa wanataka nini? Nimekaa miaka kwenye kazi hii, ofisi yetu iko juu ya duka la rangi, na kutwa nzima napandishiwa ngazi na watu wazuri wanaofanya kazi nzuri, wakiwa na karatasi zisizomtoa mtu chozi. Ruzuku zipo. Wanaozitoa wana mafaili hadi darini, na kila faili lina shida. Shida yako isipomshika msomaji shati, anafungua faili linalofuata.

Nitawaandikia, na hamtanilipa kitu. Nitumie idadi ya wagonjwa, mnachofanya kila siku na mnachohitaji. Na picha. Msisimame mstari mkitabasamu kama wachezaji wa mpira. Nataka sura ya mtu mmoja.

Msalimie Mama. Mwambie nikipata nafasi nitakuja.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mke wangu sasa anatembea vizuri na ugomvi umerudi kwenye kiwango chake.

Maelezo uliyotaka ninayaambatanisha, pamoja na picha. Wagonjwa wengi hawakutaka kupigwa, na Mkunga aliniambia nisiwashurutishe. Mzee aliyepooza alikubali, lakini aliomba kwanza anyolewe ndevu na avae koti la harusi yake, sasa anaonekana kama diwani.

Ile ya mwisho nimekuwekea wewe, ya kukuchekesha. Ni Mama siku ya mafunzo. Wapya wanapokuja hujilaza yeye mwenyewe kitandani ajifanye mgonjwa, awafundishe kumgeuza mtu bila kumuumiza. Amelegeza mwili, macho kayapandisha juu, kinywa wazi. Sekunde moja baada ya picha aliangua kicheko mpaka kitanda kikalalamika. Utasema si yeye.

Anakusalimu. Aliuliza nafasi ya kuja inapatikana wapi siku hizi, kama inauzwa. Ni utani wake tu, unamjua.

Spoki


2 Mei

Spoki,

Ombi limekamilika. Nimelifunga pamoja na barua hii, limeandikwa kwa lugha ya wafadhili, ambayo wewe unaijua tangu ulipokuwa mhudumu wa hoteli. Weka sahihi yako ya ukatibu, mwenyekiti naye aweke yake, kisha lipeleke moja kwa moja posta.

Shirika lenyewe ni zuri. Linasaidia vikundi vidogo, halina urasimu mwingi, na likiridhika na awamu ya kwanza linatoa ya pili.

Kuna aya moja kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya picha. Usimsomee Mama. Ni lugha ya kazi tu, huku kila mtu anaandika hivyo.

Nasikia mvua zimewaharibia barabara. Jifunikeni vizuri.

Dada yako


15 Julai

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo tena shikamoo! Tumepata! Barua yao ilifika mwanzoni mwa mwezi uliopita, nikaisoma nimesimama katikati ya karakana, mafuta mikononi, mteja akanishika bega akidhani nimefiwa. Vifaa navyo vimefika, ndivyo nilivyokuwa navisubiri nikuandikie: vitanda vya kupandisha kichwa, viti vya magurudumu, glavu za kutosha, na pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea maji na mashuka. Mkunga, ambaye hajawahi kucheka mbele ya watu, alicheka. Muuza mkaa, mweka hazina wetu, aliizunguka ile pikipiki akiipapasa kama ng'ombe aliyenunuliwa. Mzee aliyepooza sasa analala kitandani na kidonda cha mgongoni kimeanza kufunga. Hayo ni matunda ya mkono wako, Mungu akulipe.

Sasa sikiliza. Aya uliyonikataza kumsomea Mama, niliisoma mwenyewe. “Mjane huyu hajasimama kwa mwaka mzima. Watoto wake wamemtupa. Bila kikundi hiki angekuwa amekufa.” Niliisoma nikiwa posta, kalamu mkononi, na watu nyuma yangu wakinihimiza. Nikaweka sahihi. Mkunga, mwenyekiti wetu, hasomi lugha ile, na yeye aliweka yake kwa kuniamini.

Leo wameandika tena. Septemba wanakuja kutukagua kwa ajili ya awamu ya pili, na wanaomba, tena wanaomba kwa upole, wamwone yule bibi wa ukurasa wa kwanza. Wanasema picha yake iliwagusa kuliko maombi yote ya mwaka huu.

Niambie nifanyeje.

Spoki


1 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongereni sana. Watoto hawajambo. Shemeji yako ana mafua.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyingine. Katika ya kwanza nilikwambia useme bibi yule amefariki. Nilipoliona neno lenyewe kwenye karatasi, kuhusu Mama, nilisimama nikaenda kunawa uso.

Mkisema mlidanganya, vitanda vinarudi, na mzee wako anarudi mkekani. Mkisema amepona, watauliza amepona vipi mtu wa hali ile, watataka cheti. Hawakai muda mrefu, Spoki. Huingia, wakatazama, wakaandika, wakaondoka. Mama ni mwelewa, na mafunzo anayafanya kila mara.

Mimi sijakwambia fanya nini. Wewe ndiye uliyeko huko.

Dada


30 Septemba

Dada,

Shikamoo. Wageni walikuja, wakaondoka. Wameridhika.

Mke wangu mjamzito. Baiskeli ni nyingi msimu huu.

Mama yupo. Wagonjwa haendi kuwaogesha tena kwa sasa, anasema amechoka.

Spoki


18 Oktoba

Spoki,

Hongera kwa mtoto, na mpe wifi salamu zangu. Sina habari nyingine za nyumbani, au ninazo, lakini nikianza kuzipanga nitakuwa nakwepa.

Barua yako ina mistari michache na hakuna hata mmoja uliotaja siku ile ya wageni ilivyokwenda. “Mama yupo.” Mtu husema hivyo juu ya mwavuli.

Nitakwambia la kwangu, labda utapata moyo wa kuniambia la kwako. Wiki iliyopita mkurugenzi wetu alitukusanya ofisini. Shirika lile limetoa kalenda ya mwaka ujao, na mwezi wa kwanza ni picha ya Mama. Mama yetu, kinywa wazi, na chini yake maneno yangu, kwa herufi nene. Mkurugenzi ameitundika ukutani juu ya meza yangu, akasema hivi ndivyo ombi linavyoandikwa. Wenzangu wakapiga makofi. Msichana ninayekaa naye ofisini aliisogelea, akasema, “Maskini! Hivi ulimtoa wapi bibi huyu?”

Nikamjibu, “Huko, kwenye kikundi kimoja.”

“Na hao watoto wake, ulikutana nao? Watu wengine hawana haya.”

Nikasema sikukutana nao.

Tangu siku hiyo nafanya kazi huku nimeupa ukuta mgongo, na bado naona kama ananitazama kisogoni. Kalenda kama hiyo ikifika mtaani kwenu, Spoki, sijui uso nitauweka wapi. Niambie kilichotokea. Usinihurumie.

Dada yako


10 Novemba

Dada,

Shikamoo. Kalenda imefika. Iko zahanati, iko duka la dawa. Juzi Mama alikuwa kwenye foleni ya sukari, mwanamke asiyemfahamu akampisha mbele, akamuuliza, “Bibi, umeinuka lini?” Mama aliacha mfuko wake pale pale kaunta, akarudi nyumbani.

Umesema nisikuhurumie. Basi soma.

Sikumwomba alale, na neno hilo naomba ulijue, ingawa halinisafishi. Jioni ya Jumapili nilikaa mlangoni kwake akikunja mashuka ya wagonjwa, nikamwambia wageni wanakuja na wanamtaka bibi wa kwenye picha. Akauliza, “Bibi gani?” Nikamsomea ile aya, nikiifasiri neno kwa neno. Hakukasirika. Aliendelea kukunja.

“Hii imeandikwa na nani?”

“Dada.”

“Kwamba watoto wangu wamenitupa. Kaandika mwenyewe, kwa mkono wake?”

“Ndiyo, Mama, lakini ni lugha ya—”

“Basi anajua,” akasema. Halafu akaniuliza, “Na wewe ulisoma, ukatia sahihi?”

Nikasema ndiyo. Alimaliza shuka la mwisho, akaniambia niondoe mguu mlangoni anataka kupita. Ni hayo tu.

Jumanne asubuhi nilipofika kwenye ukumbi wa kikundi nilimkuta yuko kitandani tayari. Kitanda kipya, kimoja kati ya vile vya ruzuku. Alikuwa amevua hereni zake, zile alizonunuliwa na Baba, na amejifunika hadi kidevuni. Wanakikundi wote walikuwepo, wamejibanza ukutani, kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu. Mkunga alitazama, akatoka nje, na hakurudi mpaka mwisho.

Dereva alibaki garini, aliyeingia ni mwanamke kijana, mpole, wala hakuwa na majivuno. Afadhali angekuwa nayo. Alipiga magoti sakafuni, akamshika Mama mkono, akamsalimu kwa Kiswahili kibovu alichokariri njiani. Kisha akaniomba nimuulize watoto wake wako wapi.

Nikafungua kinywa kusema “Mama”, ulimi ukajiviringisha wenyewe. Nikasema, “Bibi, mgeni anauliza watoto wako wako wapi.”

Nilimwita bibi, dada. Mbele ya watu wote walionijua tangu natambaa.

Mama alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wapi ameiona sura fulani. Akasema, “Mwambie sijui.”

Nikafasiri. Mgeni akalia, na mimi nikampa leso yangu afute machozi. Niliona muuza mkaa ameufunika uso kwa kofia.

Gari lilipoondoka Mama alisubiri mlio wake uishe kabisa. Akainuka, akatandika kitanda, akavaa viatu. “Hiki kipelekwe kwa mtu anayekihitaji,” akasema, akaenda zake. Tangu hapo haendi kwa wagonjwa. Nikimuuliza, anajibu mgonjwa hawezi kuogesha wagonjwa wenzake. Chakula ananipakulia, salamu anaitikia, nikikohoa anauliza kama nina homa. Ila jina langu hajalitaja.

Sasa unajua.

Spoki


25 Novemba

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako ndani ya gari la shemeji yako lililoegeshwa, kwa sababu nyumbani kuna watoto na ofisini kuna ile kalenda.

“Basi anajua.” Nimejaribu kulijibu neno hilo kwa kila namna ninayoweza, na kujieleza ndiyo kazi inayonilisha. Nimeshindwa. Nilipoandika ile aya, sehemu ya kutosimama niliitunga, sehemu ya kifo niliitunga. Ile ya watoto haikunichukua hata dakika. Ilikuja yenyewe.

Nimeliandikia shirika. Nimesema picha ni ya mafunzo, mwanamke yule ni mzima, ni mama yangu mzazi, na ndiye aliyeanzisha kikundi. Nimesema aya ni yangu. Nimewaomba waondoe picha. Wewe sikukutetea wala sikukushtaki, nimesema tu katibu ni mdogo wangu. Pia nimemwambia mkurugenzi. Hakupiga kelele. Alinishauri nitafute kazi inayolingana na dhamiri yangu, kisha akaiacha kalenda palepale kwa sababu, alisema, mwaka bado haujaanza.

Najua nimewachomea nyumba mara ya pili, na safari hii tena sikuwauliza. Waombe radhi wanakikundi kwa niaba yangu, hasa yule mzee. Na muulize Mama kama naweza kuja.

Dada yako


22 Januari

Dada,

Shikamoo. Mke wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, analia kama honi. Wote wazima.

Majibu ya shirika tuliyapata kabla ya mwaka kuisha. Awamu ya pili imefutwa. Vitanda na viti vibaki kwa wagonjwa waliokwisha kuvitumia, lakini pikipiki irudishwe. Niliwasomea wanakikundi, nikawaeleza yote, pamoja na sahihi yangu. Mkunga alikuwa wa kwanza kuzungumza. Alisema ningemwambia anachotilia sahihi, asingetia. Muuza mkaa ndiye aliyefoka. “Ninyi mmepata usingizi wenu,” akasema, “sisi tunarudi kubeba ndoo.” Wanne wameacha kikundi. Siwalaumu. Ukatibu nimeuweka chini, hakuna aliyeniambia niuokote.

Mama alikuwa amekaa nyuma. Hakuchangia. Lakini Jumatatu iliyofuata nilipoamka nilisikia anatafuta beseni, anauliza nyumba nzima nani amelificha.

Kuhusu kuja kwako, nilimuuliza. Akasema hapa ni nyumbani, si ofisini, mtu haombi kibali. Akaenda kuangalia maji jikoni. Zaidi ya hapo sikupata, na sitakudanganya kwamba uso wake ulikuwa mkunjufu.

Jana walikuja kuichukua pikipiki. Alikuja yule yule mwanamke kijana, na dereva. Tulikutana nje ya nyumba ya mzee aliyepooza, maana pikipiki ilikuwa pale na siku ile ilikuwa zamu yake ya kuogeshwa. Mgeni hakuwa mkali, ila hakunipa mkono. Aliniambia barua yako ameisoma, na bado kuna kitu hakimwingii akilini. Alimshika mkono yule bibi, ulikuwa wa baridi. Je, hali yake sasa ikoje kweli? Anaweza kumwona?

Wakati ananiuliza hayo Mama alikuwa anatoka jikoni na beseni la maji ya moto mikononi, taulo begani, hereni masikioni, akamwambia mgeni, “Hodi hapo, mwanangu, nipite.” Mgeni akasogea kidogo, akatabasamu, akamsalimu, akanigeukia tena kungoja jibu. Hakumtambua, dada. Miezi yote ile alikuwa na picha yake ukutani.

Nikamwambia kwa lugha yake, “Ndiye huyu. Ni mama yangu. Siku ile uliponiuliza watoto wake wako wapi, mmoja nilikuwa mimi niliyekuwa nakufasiria.”

Alimtazama Mama kuanzia miguuni, polepole, akafika usoni, akainamisha macho. Dereva alijifanya anakagua tairi. Majirani walikuwa wametoka milangoni. Nilitamani ardhi ipasuke, na nilibaki nimesimama.

Mama akaniuliza, “Umemwambia nini?”

“Nimemwambia wewe ni mama yangu.”

“Na yeye kasemaje?”

“Hajasema kitu, Mama.”

“Basi mwambie asisimame mlangoni, Spoki,” akasema. “Maji yanapoa.”

Mdogo wako